FLAC Si Maji ya Ubatizo

Hebu nikuulize swali ambalo wakusanyaji wa muziki hawapendi kuulizwa. Hizo albamu zako 15 za Queen, zote FLAC, zote kwenye folda zilizopangwa kwa mwaka kama rejista ya mwalimu mkuu: zilitoka wapi? Siulizi nani alikutumia. Nauliza sauti yenyewe. Ilitolewa kwenye CD gani, iliyochapishwa mwaka gani, kutoka tepu ipi, na ni nani aliyeketi studio akaamua besi ipande na ngoma zishuke? Kama jibu lako ni "buda, ni FLAC, haijapoteza kitu," basi hujajibu. Umenitajia aina ya gunia. Mimi nimeuliza mahindi.

Siku hizi kuna dhehebu jipya mjini. Waumini wake ni vijana wa miaka ishirini na kitu, wengi walizaliwa baada ya Freddie Mercury kufariki Novemba 1991, na wanawapenda Queen, Pink Floyd na Led Zeppelin kuliko wazee walionunua santuri zenyewe. Hilo silipingi kamwe. Mtu akitaka kusikiliza rock ya 1975 akiwa kwenye matatu ya Rongai, hiyo ni haki yake, na ana ladha. Ninachopinga ni imani iliyokuja nayo: kwamba herufi nne zinatakasa. Kwamba wimbo ukishachovywa kwenye FLAC umekuwa safi, wewe uliyeupakia kwenye simu umekuwa mtu wa masikio, na yule mwenye MP3 ni mshamba wa kuhurumiwa.

Nasema haya nikiwa upande wa FLAC. Nataka watu wakusanye, na wakusanye kwa FLAC. Lakini sababu wanazopigia kelele ni mbovu, na sababu mbovu zinazaa mikusanyo mibovu.

Tuanze na kazi ya FLAC yenyewe, kwa sababu wengi wanaoitetea hawaijui. CD inahifadhi sauti kama namba: namba 44,100 kila sekunde kwa sikio la kushoto na nyingine 44,100 kwa la kulia, kila moja ikiwa na biti 16. Piga hesabu utapata karibu kilobiti 1,411 kwa sekunde. FLAC, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2001 kutoka kwa mwandishi wa programu Josh Coalson, inakisia namba inayofuata kutokana na zilizotangulia, kisha inaandika tu tofauti kati ya kisio na ukweli. Faili inapungua hadi kama nusu au theluthi mbili ya ukubwa wake, na ukiifungua unapata namba zile zile, moja baada ya nyingine, bila hata biti moja kukosekana. Ni kama kukunja shati ili litoshe kwenye begi. MP3 nayo inachukua makasi: inakata mikono na kola kwa hoja kwamba hakuna atakayegundua. Hata MP3 nzuri kabisa, ya kilobiti 320, inatumia chini ya robo ya biti za CD.

Mpaka hapo tuko pamoja. Sasa sikiliza vizuri. Shati lililokunjwa likiwa limeraruka, litakunjuliwa likiwa limeraruka. FLAC inaahidi jambo moja tu: kwamba ulichotia ndicho utakachotoa. Haiahidi kwamba ulichotia kilikuwa na maana.

Ndiyo maana intaneti imejaa FLAC za uongo. Mtu anachukua MP3 ya kilobiti 128, anaibadilisha kuwa FLAC kwa dakika moja, anaipandisha ikiwa na jina refu lenye "diskografia kamili", na dhehebu zima linapakua usiku kucha likitumia bando la mama. Makasi yalishapita kitambo. Huyu ameokota kitambaa kilichobaki akakikunja kwa adabu. Kumgundua si vigumu. Fungua faili kwenye programu inayochora spektogramu, ile picha ya masafa ya sauti. Wimbo uliotoka kwenye CD kwa kawaida unapanda hadi karibu kilohezi 22. MP3 ya 128 hukatwa kama kilohezi 16, na mkato wake ni mstari ulionyooka kama paa la mabati. Ukiona hilo paa kwenye faili inayojiita FLAC, ujue umeuziwa. Ni watu wangapi kati ya wale wanaodharau MP3 wamewahi kuangalia? Masikio yao, ambayo wanasema hayavumilii, hayakuwaambia lolote.

Lakini tuseme faili zako ni halali. Bado kuna swali la toleo, na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu.

Chukua A Night at the Opera, ya 1975, ile yenye "Bohemian Rhapsody". Ilitoka kwanza kwenye santuri na kaseti. Miaka ya 80 ikaja CD. Mwaka wa 1991 Hollywood Records, kampuni ya Disney, ikaitoa upya kwa soko la Marekani. Mwaka wa 2002 ikaja DVD-Audio yenye mchanganyiko mpya wa spika za kuzunguka chumba. Mwaka wa 2011, bendi ilipohamia Universal, fundi Bob Ludwig aliandaa upya masta za albamu zote 15. Kila moja ya hizo unaweza kuiweka kwenye FLAC. Hakuna itakayopoteza kitu. Na hazisikiki sawa, kwa sababu kuandaa masta ni kufanya maamuzi: ni tepu gani itumike, masafa gani yainuliwe, sauti ya chini ipandishwe kiasi gani ili ikaribie ya juu. Mtu anayeniambia ana "A Night at the Opera kwa FLAC" ni kama anayeniambia ana "Biblia kwa karatasi". Tafsiri gani, ndugu?

Na kuna mfano mkali zaidi. Albamu yao ya kwanza, Queen, ya 1973, waliirekodi Trident Studios huko London katika saa ambazo wateja wakubwa hawakuwa wanaitumia studio, na kwa miaka mingi walilalamikia mlio wake, hasa wa ngoma. Oktoba 2024 waliitoa tena kwa jina la Queen I. Safari hii haikuwa kupaka rangi ukuta wa zamani. Walirudi kwenye tepu zenye ala moja moja, wakachanganya upya kila kitu, na wakarudisha "Mad the Swine", wimbo uliokuwa umeachwa nje mwaka wa 1973. Sasa kuna albamu mbili. Moja ni kile vijana wanne walichotoa 1973 wakiwa hawana pesa wala sauti ya kuamua. Nyingine ni kile ambacho wazee wawili, Brian May na Roger Taylor, wanasema walitaka siku zote. Unaweza kupenda ya pili. Mimi sikukatazi. Ila kama folda yako inasema tu "Queen 1973 FLAC" na ndani yake kuna sauti ya 2024, huo ni uongo wa kihistoria uliohifadhiwa kwa usahihi wa hali ya juu.

Wanaojua rock ya baadaye wanajua pia vita vya kelele. Tangu miaka ya 90 makampuni yalikuwa yakishindana nani albamu yake itasikika kubwa zaidi redioni, wakabana sauti mpaka tofauti kati ya kunong'ona na kupiga mayowe ikapotea. Death Magnetic ya Metallica, ya 2008, ilibanwa kiasi kwamba mashabiki waligundua toleo lililokuwa kwenye mchezo wa Guitar Hero linasikika vizuri kuliko CD waliyonunua. Mchezo wa watoto! Sasa weka hiyo CD kwenye FLAC. Utapata mipasuko yote, kamili, bila kupoteza hata mmoja. FLAC itaitunza kwa uaminifu wa karani wa mahakama. Nikipewa nichague kati ya MP3 ya 320 iliyotoka kwenye masta nzuri na FLAC iliyotoka kwenye masta iliyokanyagwa, nachukua MP3 na sitaomba msamaha kwa mtu.

Kuna ngazi ya juu zaidi ya dhehebu hili: watu wa biti 24 na kilohezi 192. Hawa CD haiwatoshi. Wananunua albamu ile ile mara ya tatu kwa sababu namba ni kubwa. Basi tuzungumze namba. Sampuli 44,100 kwa sekunde zinatosha kubeba masafa yote hadi karibu kilohezi 22. Sikio la binadamu kijana mwenye afya linafika kama 20, na linashuka kila mwaka. Kama umekulia kwenye matatu zenye spika chini ya kiti, wewe jihesabie. Biti 16 zinabeba umbali wa desibeli 96 kati ya kimya na kishindo. Tepu ya studio ya 1975 haifiki huko. Brian May amesimulia mara nyingi jinsi tepu ya "Bohemian Rhapsody" ilivyopitishwa kwenye mashine mara nyingi, sauti zikirundikwa juu ya sauti, hadi ukiiinua unaona mwanga upande wa pili. Huo ndio uzuri wake. Lakini ukiichukua kwa kilohezi 192, unachoongeza ni picha kali zaidi ya ile shhh ya tepu iliyochoka. Mwaka wa 2007 Meyer na Moran walichapisha matokeo ya majaribio yao kwenye jarida la wahandisi wa sauti la Audio Engineering Society: wasikilizaji, wakiwemo wenye masikio ya kazi, walipewa sauti ya kiwango cha juu na ile ile ikiwa imepitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kujua ipi ni ipi. Kwa sauti ya kawaida ya kusikilizia, walibahatisha.

Biti 24 zina kazi yake studioni, ambako sauti inakatwa, inapandishwa na kushushwa mara mia. Ukiwa nyumbani na album imeshakamilika, unalipia nafasi tupu.

Na kama unadhani wazee wa santuri wana masikio bora kuliko wewe, kumbuka 2022. Kampuni ya Mobile Fidelity, inayouza santuri kwa bei ya juu kwa watu wasiotaka kusikia neno "dijitali", ilibainika kwamba kwa miaka ilikuwa ikipitisha tepu nyingi kwenye hatua ya dijitali kabla ya kukata santuri. Wateja walioapa kwamba wanasikia dijitali kutoka chumba cha pili walikuwa wamezisifu santuri hizo hizo. Mambo yakaishia mahakamani.

Halafu kuna kichekesho cha mwisho: hedifoni. Mtu ana faili za kilohezi 96, gigabaiti juu ya gigabaiti, halafu anazituma kwa Bluetooth hadi kwenye hedifoni zisizo na waya alizonunua Luthuli Avenue. Bluetooth ya hedifoni nyingi inabana sauti upya, kwa makasi yale yale ya jamaa wa MP3, kabla haijafika sikioni. Umekunja shati kwa uangalifu miaka mitatu, ukalikata mlangoni pa harusi. Weka waya, ama nyamaza kuhusu biti.

Hapo najua kuna msomaji anayecheka upande wa pili. "Si ndio maana mimi nastrimu tu? Yote haya ya nini?" Wewe nawe ngoja, zamu yako imefika.

Hoja yako ni kwamba husikii tofauti, na mara nyingi ni kweli. MP3 ya 320 iliyotengenezwa vizuri inawashinda wengi kuitambua, pengine hata mimi na wewe tukiwa na hedifoni nzuri na chumba kimya. Lakini FLAC haikuwa kamwe suala la masikio ya leo. Ni suala la kesho. Kutoka FLAC unaweza kutengeneza MP3, au aina yoyote itakayobuniwa mwaka wa 2040, na kila mara utaanzia kwenye asili. Kutoka MP3 huwezi kurudi nyuma. Ukiibadilisha kuwa aina nyingine, makasi yanapita mara ya pili; mjukuu wako akibadilisha tena, mara ya tatu. Ni kama kutoa kopi ya kopi ya kitambulisho mpaka sura inabaki doa jeusi. Anayehifadhi kwa FLAC anahifadhi negativu ya picha. Hiyo sababu inatosha, na haihitaji mtu yeyote kujifanya ana masikio ya popo.

La pili ni umiliki. Hapa Afrika Mashariki tunapenda kukumbushana kwamba Freddie ni wetu: alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya mapinduzi ya 1964. Sawa. Lakini mwaka wa 2024 iliripotiwa kwamba Sony wanainunua hazina ya nyimbo za Queen kwa takriban pauni bilioni 1. Sauti ya mtoto wa Mji Mkongwe inapita mkono hadi mkono kati ya makampuni, na ulicho nacho wewe ni ruhusa ya mwezi mmoja mmoja. Ukikosa kulipa, folda inakuwa tupu. Na hata ukilipa, si wewe unayeamua. Januari 2022 Neil Young aliondoa muziki wake Spotify kwa ugomvi wake na kampuni, akarudi Machi 2024. Miaka miwili. Aliyekuwa na CD zake hakuhitaji kujua kuna ugomvi. Spotify hao hao walitangaza Februari 2021 kwamba sauti isiyopoteza kitu inakuja. Ikaanza kuwafikia wateja Septemba 2025. Na hata ikifika, wao ndio wanaochagua upewe masta ipi, na wakiibadilisha usiku hawatakuandikia barua.

Kwa hivyo nikijumlisha: waumini wa FLAC wana jibu sahihi kwa swali ambalo hawakuulizwa, na watu wa kustrimu wana raha inayomilikiwa na mtu mwingine. Wote wawili wamekwepa kazi yenyewe ya kukusanya, ambayo ni kujua unachokishika.

Kazi hiyo si ya matajiri. Albamu zote 15 za Queen kwa kiwango cha CD, zikiwa FLAC, zinaingia kwenye flashi ya gigabaiti 8 na nafasi inabaki. Tafuta CD, hata iliyotumika. Hata ya kuazima kwa mjomba aliyekuwa akizinunua enzi zake, ukiweza kumtoa kwenye hadithi. Iingize kwenye kompyuta na programu kama Exact Audio Copy, inayosoma diski kwa makini na kulinganisha matokeo na ya watu wengine waliosoma diski hiyo hiyo, halafu inakuachia ripoti. Ihifadhi ripoti. Piga picha jalada na nyuma ya jalada, pamoja na ile namba ya toleo. Kopi moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwa rafiki anayeishi mtaa mwingine, kwa sababu wezi na mafuriko hawajali ladha yako.

Na kuna sababu ya kunifanya nikasirike kiasi hiki juu ya jambo linaloonekana la starehe. Queen hawakuhitaji. Queen wana Universal, wana Sony, wana Brian May aliye hai akisimamia kila tepu. Hata sisi sote tukizembea, "Bohemian Rhapsody" haitapotea. Lakini ustadi unaojifunza kwao, wa kuuliza toleo, kusoma nambari, kukagua spektogramu, kuandika chanzo, ndio ustadi ambao santuri za miaka ya 70 zilizotoka River Road zinausubiri. Kuna nyimbo za benga zilizobaki kwenye santuri ndogo chini ya vitanda vya watu, hazijawahi kuona CD. Ketebul Music hapa Nairobi wamefanya kazi kubwa ya kuokoa na kuandika historia hiyo, lakini hawawezi kuingia kila nyumba. Leo nyingi ya nyimbo hizo unazipata mtandaoni kama video yenye mlio wa bati, bila mwaka, bila jina la mpiga gitaa, imenakiliwa mara tano. Tuna vijana wanaoweza kukwambia toleo la 2011 la Queen linatofautiana vipi na la 1991, na babu yao ana sanduku la santuri ambalo hawajawahi kulifungua. Hilo ndilo linaloniuma.

Watasema ninawaharibia raha. Kwamba muziki ni wa kusikiliza, si wa kuandikia ripoti. Ni kweli, sikiliza. Cheza mpaka majirani wagonge ukuta. Lakini ukijiita mkusanyaji umejipa kazi, na kazi ina maswali yake.

Fungua folda yako leo jioni. Kwa kila albamu andika faili ndogo ya maneno: chanzo, mwaka wa toleo, nchi, namba ya jalada, nani aliandaa masta kama imeandikwa, na tarehe uliyoitoa kwenye diski. Ukikwama kwenye albamu ya kwanza, futa jina "mkusanyiko" pale juu uandike "stoo". Halafu anza upya, na moja tu, iliyo sahihi. Ukimaliza hiyo, mpigie babu simu umuulize lile sanduku liko wapi.